Testa inawaka kwenye laini na kwenye nyutro jenereta ikiwa kazini: ethi ya jenereta na chenjiova

Binti wa Kaole

Habari za leo, ndugu zangu mnaoifahamu kazi ya umeme. Nina swali lililonisumbua kwa wiki mbili sasa, na kila fundi niliyemuuliza amenipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Ninaishi Bagamoyo. Nyumbani nina friza mbili za kuhifadhia samaki wa biashara, pampu ya maji ya nguvu farasi moja, pamoja na taa na soketi za kawaida. Kwa kuwa umeme ukikatika kwa saa nyingi samaki huanza kulainika, nilinunua jenereta ya petroli ya kVA 5, ya fezi moja, volti 230. Fundi wa kwanza alifunga chenjiova (swichi ya kubadilishia chanzo cha umeme) ya mkono ya ampea 63, baada ya mita ya LUKU na meni swichi, kabla ya DB (kisanduku cha breka za nyumba). Ina nafasi tatu: I ni TANESCO, 0 ni kuzima, II ni jenereta. Ni ya poli mbili, yaani inakata laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja. Kutoka kwenye jenereta hadi kwenye chenjiova kuna mita kama 12 za kebo ya kore mbili (nyaya mbili ndani yake) ya milimita 4 za mraba. Kando ya jenereta alichimbia fito ya ethi (ya kuunganisha na ardhi) ya mita 1.2 na kuifunga kwa waya kwenye skrubu ya bodi, yaani mwili wa chuma, ya jenereta. Nyumba nayo ina fito yake tangu ilipojengwa, lakini iko upande wa pili wa jengo. Ndani ya DB kuna RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30.

Tatizo langu ni hili. Tukiwa kwenye jenereta, testa inawaka kwenye tundu la laini na inawaka pia kwenye tundu la nyutro. Fundi wa pili alipopima kwa maltimita alipata volti 231 kati ya laini na nyutro, volti 118 kati ya laini na ethi, na volti 112 kati ya nyutro na ethi. Kisha akachukua balbu ya wati 60 akaiunganisha kati ya laini na ethi ya soketi. Kwenye TANESCO, RCD iliruka papo hapo. Kwenye jenereta, balbu haikuwaka na RCD haikushtuka.

Fundi huyo akasema jenereta ni mbovu, niirudishe dukani. Fundi wa tatu akasema jenereta ni nzima, ila nyutro yake inatakiwa kuunganishwa na ethi palepale kwenye jenereta. Nilipokuwa nimeanza kumwamini, nikaangalia video ya Mmarekani mmoja anayesema kinyume kabisa: kwamba jenereta inayolisha nyumba kupitia swichi ya kubadilishia umeme isiwe na nyutro iliyoshikana na bodi, na kama imeshikana, kiungo hicho kiondolewe. Nimfuate nani?

Laini na Nyutro

Dada, salamu. Mfuate fundi wa tatu. Hata hivyo Mmarekani wako hakusema uongo. Alikuwa anazungumzia nyumba iliyofungwa tofauti na yako. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili likifanywa bila kueleweka, fundi wa nne atakuja kulifungua akidhani ni kosa.

Watu wengi huamini kwamba umeme unaovuja hukimbilia ardhini, kana kwamba ardhi ni shimo la kumwagia maji machafu. Sivyo. Umeme hutafuta njia ya kurudi kwenye koili uliyotoka, na ardhi ni mojawapo ya njia hizo, tena mbovu. Ukiwa kwenye TANESCO, koili hiyo iko kwenye transfoma ya mtaani, na nyutro yake imefungwa kwenye ethi palepale kwenye transfoma. Ndiyo maana laini ikigusa chuma cha friza, umeme hupita kwenye waya wa ethi, ukaingia ardhini, ukarudi kwenye transfoma, na mzunguko ukakamilika. RCD huona kwamba kiasi kilichotoka kwenye laini hakikurudi chote kwenye nyutro, nayo inakata.

Sasa geuza chenjiova iende II. Laini na nyutro za TANESCO zimekatwa zote mbili, na pamoja nazo umeondoka ule mshikamano wa nyutro na ethi uliokuwa kwenye transfoma. Koili ya jenereta yako, kama zilivyo za jenereta nyingi ndogo za petroli, haijashikanishwa na kitu chochote. Ncha zake mbili zinaning'inia. Zile volti 118 na 112 ulizopima si umeme wa kutegemewa, ni kivuli tu kinachopenya kwenye vichujio vya vifaa na kwenye ganda la nyaya. Maltimita inavutwa nao kwa sababu yenyewe hunywa umeme kidogo mno, lakini balbu ya wati 60 inahitaji robo ya ampea, na kivuli hakina kiasi hicho. Kwa hiyo jenereta yako ni nzima na testa yako ni nzima. Kisichokuwapo ni njia ya kurudi.

Jambo linalowadanganya mafundi wengi ni kitufe cha majaribio cha RCD. Utakibonyeza ukiwa kwenye jenereta nayo itaruka vizuri kabisa, nawe utaridhika. Kitufe hicho hupitisha umeme kidogo kutoka laini kwenda nyutro ndani ya RCD yenyewe kwa kuikwepa koili ya kupimia. Hakijui lolote kuhusu ethi. RCD inaweza kuruka kwa kitufe siku zote na isimwokoe mtu hata mara moja. Jaribio la balbu la fundi wako wa pili lilikuwa kweli zaidi, ingawa sikushauri ulirudie mwenyewe, kwa kuwa chuma chote kilichofungwa kwenye ethi hiyo kinaweza kupanda volti kwa muda ule. Kuna kifaa maalumu cha kupimia RCD, na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) anapaswa kuwa nacho au kujua pa kukiazima.

Kanuni ni kwamba kila chanzo cha umeme kiwe na sehemu moja, na moja tu, ambapo nyutro inashikana na ethi, na sehemu hiyo iwe upande wa chanzo, kabla ya RCD. Kama chenjiova inakata nyutro, kama yako, jenereta imeachwa peke yake na ni lazima iwe na mshikamano wake. Kama chenjiova haikati nyutro, mshikamano wa TANESCO bado upo hata jenereta ikiwa kazini, na ukiongeza wa pili utakuwa umeigawa nyutro katika njia mbili.

Kabla fundi hajaweka kiungo chochote, na aipime jenereta ikiwa imezimwa, breka yake ikiwa imewashwa, na plagi zote zikiwa zimetolewa. Apime omu (ukinzani) kati ya bodi na kila tundu la soketi. Kama matundu yote mawili hayasomi kitu, yaani hakuna muunganiko, koili inaning'inia na kiungo kinahitajika. Kama moja linasoma karibu na sifuri, kiwanda kimeshaunganisha, na hilo ndilo liwe nyutro. Kama yote mawili yanasoma omu chache zinazolingana, asimame hapo hapo: koili hiyo imeshikanishwa na bodi katikati, na akiunganisha ncha moja atakuwa ameipiga shoti nusu ya koili. Jenereta za inveta nazo zisifunguliwe kabla ya kusoma kitabu chake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hukuliuliza. Kebo yako ni ya kore mbili. Maana yake ni kwamba ethi ya nyumba na ethi ya jenereta hazijuani isipokuwa kupitia udongo. Fito moja ya mita 1.2 katika udongo wa kawaida huwa na ukinzani wa omu kama 70. Fito mbili zinazotazamana kupitia udongo ni omu 140 hivi. Gawanya volti 230 kwa 140, unapata ampea 1.6. Breka ya ampea 16 itaukalia umeme huo kimya kama kwamba umewasha pasi ndogo, na bodi ya friza itabaki na umeme. RCD itaruka, ni kweli, lakini usijenge usalama wote juu ya kifaa kimoja. Badilisha kebo iwe ya kore tatu, na kore ya tatu itoke kwenye skrubu ya bodi ya jenereta hadi kwenye baa ya ethi ya nyumba. Fito ya jenereta ibaki ilipo. Haina madhara ikiwa imefungwa pamoja na ya nyumba. Ukubwa wa milimita 4 unatosha, kwani jenereta ya kVA 5 hutoa ampea 21.7 tu na kwa mita 12 utapoteza volti zisizofika tatu.

Fundi wako wa kwanza si kishoka (fundi wa kubahatisha asiye na leseni), lakini. Kishoka angekufungia poli moja.

Mswahili wa Houston

Naongezea kidogo kwa upande wa hiyo video, kwa kuwa kazi yangu huku Marekani ni hiyo hiyo na nimeona Watanzania wengi wakiibeba nyumbani kama ilivyo.

Nyumba ya huku hupokea waya mbili za moto na nyutro moja katikati: volti 120 kutoka kila waya wa moto hadi nyutro, volti 240 kati ya waya za moto zenyewe, kwa hezi 60. Nyutro inashikanishwa na ethi ndani ya nyumba, kwenye meni ya mteja mwenyewe. Swichi nyingi za kubadilishia umeme zinazouzwa kwa ajili ya nyumba hukata zile waya mbili za moto peke yake. Nyutro hupita moja kwa moja bila kukatwa. Kwa hiyo jenereta ikiwa kazini bado inautumia mshikamano ulioko kwenye meni. Ukiwa na jenereta ambayo kiwanda kimeishikanisha pia na bodi, sehemu ya umeme wa nyutro hurudi kupitia waya wa ethi, na soketi ya GFCI (RCD ya Kimarekani) ya jenereta inakata mara tu unapoiunganisha na nyumba. Ndiyo sababu ya yule bwana kusema kiungo kiondolewe. Katika mfumo wake yuko sahihi kabisa.

Hata huku, tukifunga swichi inayokata nyutro, sheria hiyo hiyo inageuka na jenereta inatakiwa kuwa na mshikamano wake. Swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekushauri juu ya kiungo hiki ni: swichi yako inakata waya ngapi? Asiyeuliza hilo, usimsikilize, awe wa Bagamoyo au wa Texas.

Pia kwa wale wanaotuma jenereta kwenye kontena kuwapelekea ndugu: jenereta ya volti 120 na 240 ya huku ina nyutro katikati ya koili. Kuifunga kwenye nyumba ya Tanzania ni kazi nyingine kabisa, mbali na tatizo la hezi 60 wakati Tanzania ni 50. Afadhali mtume fedha, jenereta inunuliwe huko.

Pwani Yetu

Nimesoma maelezo ya ndugu Laini na Nyutro kwa makini, na kuna jambo sikubaliani nalo. Kama nyutro ya jenereta inaning'inia, mtu akishika laini akiwa amesimama ardhini hapati shoti, maana hakuna njia ya kurudi, kama mlivyosema wenyewe. Je, hiyo si salama zaidi? Kwa nini tumtengenezee umeme njia ya kumpiga mtu, halafu tuweke RCD ya kumwokoa?

Laini na Nyutro

Pwani Yetu, hoja yako si ya kupuuza. Kuna mahali inatumika kwa makusudi. Ukiwa na jenereta ndogo inayolisha kifaa kimoja tu kwa waya mfupi, kwa mfano mashine ya kukata chuma kwenye ujenzi, kuiacha inaning'inia ni njia inayokubalika.

Nyumba ni jambo jingine. Nyumba ya dada yetu ina saketi za taa, soketi, pampu iliyoko nje kwenye unyevu, na friza mbili zinazooshwa kwa maji ya chumvi. Siku moja waya mmoja utachubuka na kugusa chuma. Kwa kuwa koili inaning'inia, hakuna breka itakayoruka, taa zitaendelea kuwaka, na hakuna atakayejua. Kuanzia siku hiyo jenereta haining'inii tena: umeishikanisha na ethi bila kujua, kwa ncha usiyoichagua. Ikiwa iliyochubuka ni nyutro, basi laini sasa ina volti 230 kamili kuelekea ardhini na mtu akiishika atapigwa. Ikiwa iliyochubuka ni laini, nyutro ndiyo inayobeba volti 230, na kila swichi ya poli moja ndani ya nyumba inakata waya usio na hatari na kuuacha wenye hatari. Hospitali zenye vyumba vya upasuaji vinavyotumia umeme unaoning'inia huweka kifaa cha kulinda kinachopiga kengele mara hitilafu ya kwanza inapotokea. Nyumba ya Bagamoyo haina kifaa hicho.

Kuna hoja ya ziada ambayo nisingeiacha. Jenereta ndogo haina misuli ya kurusha breka. Transfoma ya TANESCO ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea, breka ikaruka kabla hujapepesa jicho. Jenereta ya kVA 5 ikipigwa shoti, volti huanguka, injini inanguruma, na umeme unaotoka huweza kuwa mara mbili au tatu tu ya kawaida yake kabla haujafifia. Breka inaweza kuchelewa au isiruke kabisa. Kwa hiyo kwenye jenereta RCD si pambo la kuongezea, ndiyo mlinzi mkuu, na mlinzi huyo bila mshikamano wa nyutro na ethi ni kipofu.

Mzee wa Fumba

Asalaam aleikum. Nimefurahi kuona vijana wanajadili jambo hili kwa hesabu, kwani sisi wa Unguja tulilijua kwa njia ngumu. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika mwezi Mei mwaka 2008 tulikaa takribani mwezi mmoja gizani, na tarehe 10 Desemba 2009 giza likarudi, hadi Machi 2010. Miezi mitatu mizima mji uliishi kwa jenereta. Zilinguruma Darajani, Mlandege, vichochoroni Mji Mkongwe, mtu hasikii adhana ya jirani. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Chenjiova katika siku zile zilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida, na watu wakatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, dume kwa dume. Upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Ninalitaja kwa sababu mpaka leo ninauona waya huo madukani mwa watu. Mwenye nao husema, "Mimi huzima meni kwanza." Siku atakayosahau kuzima, umeme wake utatoka nje kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui kwamba inatumiwa kinyumenyume: volti 230 zinazoingia upande wa chini hutoka upande wa juu zikiwa 11,000 au 33,000 kulingana na laini ya eneo hilo. Kijana wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akijua kwamba laini imezimwa, anakutana nazo. Mara nyingi jenereta huzidiwa na mzigo wa majirani ikazima, na hiyo ndiyo bahati yetu. Lakini waya ukiwa umekatika karibu na nyumba hakuna majirani wa kuizidia. Tena ukichomoa ule waya ukutani jenereta ikiwa inaendelea, meno ya plagi mkononi mwako yana umeme.

Hilo ndilo la kwanza ambalo chenjiova inazuia, hata kabla ya habari za nyutro. Mkono wake hauwezi kuwa I na II kwa pamoja.

Langu la pili ni udongo. Ndugu yetu amesema omu 70 kwa fito moja. Hiyo ni kwa udongo unaoshika maji. Huku kwetu kwenye mawe ya matumbawe, na nadhani hata Bagamoyo kwenye mchanga wa ufukweni, fito hiyo hiyo yaweza kusoma omu 300 au zaidi wakati wa kiangazi. Mafundi wa zamani walichimba shimo wakatia mkaa na chumvi kuzunguka fito. Chumvi inasaidia kweli, inashusha ukinzani, lakini mvua za masika huisomba, na kabla ya kuondoka huwa imeshaitafuna shaba na chuma. Nimeng'oa fito iliyotiwa chumvi ikabaki mkononi kama mswaki. Bora uongeze fito ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa fito yenyewe, uzifunge pamoja. Na upime tena mwezi wa kumi, wakati ardhi imekauka, usipime mwezi wa nne ukafurahi.

Binti wa Kaole

Shikamoo Mzee wa Fumba, na ninawashukuru wote. Nimerudi na habari ambayo si nzuri sana.

Fundi wa tatu alikuja juzi. Alipima omu kama mlivyoelekeza, na matundu yote mawili hayakusoma kitu, kwa hiyo koili inaning'inia. Lakini alisema kufungua jenereta kutaharibu dhamana ya duka, na kwa kuwa nyutro ni ile ile, ni sawa kuweka kiungo popote. Akaweka waya mfupi ndani ya DB, kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi. Kebo ya kore tatu hakuwa nayo, akasema ataileta baadaye.

Tangu hapo, nikiwa kwenye TANESCO, RCD inaruka karibu kila mara pampu inapoanza, ingawa taa pekee hazina shida. Nikiwa kwenye jenereta, haijaruka hata mara moja. Aliporudia jaribio la balbu kwenye jenereta, balbu iliwaka kwa mwanga kamili na RCD ikatulia tuli. Yeye anasema ni maendeleo, kwa kuwa sasa laini inasoma volti 230 kuelekea ethi. Mimi sina amani.

Laini na Nyutro

Huna amani kwa haki, dada. Zima meni, zima jenereta, na kiungo hicho kitolewe leo kabla ya kitu kingine chochote. Hivi sasa uko pabaya kuliko ulipoanza.

Baa ya nyutro aliyoitumia iko baada ya RCD. Fuata njia ya umeme wa ile balbu ukiwa kwenye jenereta: umetoka kwenye laini, umepita RCD, umepita balbu, umeingia kwenye ethi, umefika kwenye kiungo chake ndani ya DB, umeingia kwenye baa ya nyutro, na umerudi kwenye jenereta kwa kupitia RCD ile ile. Kilichotoka kimerudi chote. RCD imehesabu, hesabu imelingana, nayo haina sababu ya kuruka. Weka mwanadamu mahali pa balbu, hesabu itakuwa ile ile. Mwanzoni angalau laini haikuwa na pa kurudia; sasa ina njia nzuri na mlinzi amefunikwa macho.

Kwenye TANESCO mambo yamepinduka. Umeme unaorudi kutoka kwenye pampu ukifika kwenye baa ya nyutro unakuta njia mbili: nyutro ya kawaida kupitia RCD, na ethi ya nyumba kupitia udongo hadi transfoma. Mwingi unapita kwenye nyutro kwa kuwa ni shaba, lakini pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, nyutro inapanda volti chache, na volti hizo zinasukuma miliampea kadhaa kupitia udongo. Zikikaribia 30, RCD inakata. Taa hazivuti kiasi hicho, ndiyo maana zinasalimika. Kuna hatari kubwa zaidi: nyutro ya TANESCO ikikatika barabarani siku moja, umeme wote wa nyumba utajaribu kurudi kupitia fito yako, na kila chuma kilichofungwa kwenye ethi kitapanda volti.

Kiungo ni cha upande wa jenereta, mahali ambapo chenjiova ikiwa kwenye I kinakuwa kimetengwa kabisa na nyumba. Kama hofu ni dhamana, si lazima jenereta ifunguliwe. Fundi aweke kisanduku kidogo kisichopitisha maji ukutani karibu na jenereta. Waya wa plagi ya jenereta uingie humo, na humo humo nyutro na ethi zishikanishwe kwa kipande cha waya wa kijani na njano wa milimita 4, kisha kebo ya kore tatu iondoke kwenda kwenye chenjiova. Ahakikishe plagi haiwezi kuingizwa kinyume, kwa kuwa ikigeuzwa, kilichoshikanishwa na ethi kitakuwa ni laini. Asiweke kiungo upande wa chenjiova unaokwenda kwenye DB, hata kama ni kabla ya RCD, maana hapo kitabaki kimeungwa pia mkiwa kwenye TANESCO.

Na kebo ya kore tatu isiwe ya "baadaye". Kisanduku bila kore ya tatu ni nusu ya kazi.

Binti wa Kaole

Kazi imekamilika Jumamosi, na safari hii nilisimama pale na maelezo yenu yakiwa kwenye simu. Fundi mwenye leseni alikuja na kifaa chake cha kupimia. Kiungo cha DB kimeondolewa, kisanduku kimewekwa, kebo ya kore tatu imelazwa ndani ya bomba, na kore ya ethi imefungwa kwenye baa ya nyumba. Fito ya pili imeongezwa upande wa jenereta.

Tukiwa kwenye jenereta sasa laini inasoma volti 230 kuelekea ethi na nyutro haifiki volti moja. Testa inawaka kwenye tundu moja tu. RCD imeruka kwa kifaa chake kwenye soketi zote nane, kwenye TANESCO na kwenye jenereta, na pampu imewashwa mara kumi bila kuikatisha. Friza nimezoea kuziwasha moja moja, ya pili baada ya ya kwanza kutulia, ili jenereta isizidiwe.

Jirani yangu ameniomba nimwazime jenereta wiki ijayo kwa ajili ya harusi. Kuna lolote la kumwambia?

Laini na Nyutro

Hongera, dada. Kwa kuwa kiungo chako kiko ukutani na si ndani ya jenereta, jenereta ikiondoka inaondoka na koili inayoning'inia kama ilivyotoka kiwandani. Mwambie jirani hivyo, na muulize kwanza ataiunganisha na nini: kama ni spika na taa za turubai kwa waya wa kurefushia, au ni nyumba yake. Kama ni nyumba, muulize ana chenjiova au ana ule waya wa Mzee wa Fumba. Kama ni ule waya, jenereta isitoke uani kwako.

Kisha bandika karatasi kwenye kisanduku chako, kwa wino usiofutika: "Nyutro na ethi zimeshikanishwa hapa kwa sababu chenjiova inakata poli mbili. Usiondoe." Fundi wa nne atafika siku moja, nawe huenda usiwe nyumbani.